Jini ya Amani haipungwi, inapimwa

UKITAJA neno jini ukiwa mkoa wa Tanga, fanya haraka ueleze ni lipi unalosema, vinginevyo watu watasogeza viti. Kuna jini wa kupandishwa na kupungwa, anayetaka ubani, marashi na kitambaa chekundu, na huyo ana wataalamu wake, mimi simo. Halafu kuna jini ya chupa, ambayo haina makuu: ndimu, barafu, toniki na mtu wa kuongea naye. Hii ya pili ndiyo inayohusika leo, na ndiyo iliyonipandisha milima ya Usambara Mashariki hadi Amani, kwa mjomba wangu, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayejua kuitengeneza kuliko wahudumu wote wa mjini wenye tai shingoni.

Msomaji, asikudanganye mtu kwamba jini na toniki ni kinywaji cha hoteli za ufukweni tu, pale unapoletewa glasi ndefu yenye kipande cha limau kimening'inia ukingoni, kisha ukaletewa bili unayoisoma mara mbili ukidhani ni ya meza ya jirani. Ni kinywaji cha nyumbani. Hakihitaji mashine, hakihitaji ufundi wa kurusha chupa hewani kama sarakasi. Na ukipanda hadi Amani utaona kwamba karibu kila kinachoifanya glasi hiyo iwe tamu, au iwe chungu kwa namna inayopendeza, kinaota kando ya njia.

Safari yenyewe haina shida. Unapanda basi Dar es Salaam, unapita Chalinze, unafika Segera ambapo njia inagawanyika, wa Moshi na Arusha wanaendelea kushoto na sisi wa Tanga tunakata kulia. Hapo ndipo mkonge unapoanza kujipanga dirishani, mistari kwa mistari, mpaka macho yanachoka. Mkonge huu nao ni mgeni kama mimi na wewe, ulianza kuletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Unapita Hale, na ukianza kuona machungwa yamerundikwa kando ya barabara kama vilima, jua umeingia Muheza.

Muheza shuka. Usikubali kupitiliza hata kama una haraka. Machungwa ya hapa yanajulikana nchi nzima, na ukimwona mtu anayakataa kwa sababu ganda bado ni la kijani, huyo ni mgeni. Kwenye joto letu chungwa huiva likiwa limevaa kijani. Rangi ile ya njano inayong'aa huja pale usiku unapokuwa wa baridi, na Muheza haina usiku wa namna hiyo. Mimi hununua machungwa sita ya kula njiani na ndimu kumi za kazi. Chagua ndimu yenye ganda jembamba, laini, na inayoonekana nzito kuliko umbo lake. Ile yenye ganda gumu na vinundu itakupa vijiko viwili vya maji na maneno mengi. Mama aliyeniuzia aliniangalia akasema, "Ndimu kumi peke yako, baba? Una harusi ama una mafua?" Nikamwambia naenda kwa mjomba. Akaniongeza mbili za bure.

Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita thelathini na kitu, lakini usizihesabu kwa saa za barabara ya lami. Njia ni ya udongo, na mvua ikinyesha udongo ule unageuka sabuni. Gari letu lilikuwa na watu, kuku, magunia ya unga na kitanda kimoja juu ya paa. Mwanzo ni tambarare, minazi na mihogo, kisha unafika Kisiwani, na baada ya hapo Sigi, ambapo kuna geti la hifadhi ya mazingira asilia ya Amani iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Wageni wa kutembea hulipa kiingilio hapo. Zamani za Mjerumani reli ndogo ilifika mpaka Sigi kuja kubeba magogo, na jengo la stesheni bado lipo.

Mto Sigi wenyewe unashuka kutoka kwenye msitu huu, na maji yake ndiyo yanayokingwa Mabayani na kupelekwa Tanga mjini. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba wewe uliyeko Ngamiani au Chumbageni, barafu unayoweka kwenye glasi yako ilikuwa ukungu wa Amani siku chache zilizopita. Jambo hili mjomba hulirudia kila nikienda, na kila mara hulisema kama vile ndiyo kwanza amelifikiria.

Baada ya Sigi gari linaanza kupanda kona kwa kona, na hewa inabadilika. Unaingiza mkono ndani. Miti inakuwa mirefu mpaka jua linabaki vipande vipande barabarani. Kijijini kwenyewe ni kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na jioni mtu wa Dar es Salaam hutafuta sweta. Pembeni mwa nyumba za wenyeji kuna hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga zinazopanda kwenye miti. Mchaichai umejiotea kila mahali, hata kwenye mtaro.

Sasa hapa inabidi tusimame kidogo, maana bila kuieleza Amani huwezi kuielewa glasi.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, na bustani kubwa ya kujaribia miti kutoka kila pembe ya dunia. Mmojawapo ulikuwa mti wa kwinini, ambao kwao ni milima ya Amerika Kusini. Magome yake ndiyo yaliyokuwa dawa ya malaria kwa karne nyingi. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye magome hayo mwaka 1820, na kuanzia hapo kila aliyetaka kutawala nchi za joto aliihitaji kama alivyohitaji bunduki.

Waingereza waliokuwa India walipewa kwinini ya unga, na ilikuwa chungu kiasi cha kumtoa mtu machozi. Wakaanza kuichanganya na sukari na maji ili ishuke. Mwaka 1858 bwana mmoja wa London, Erasmus Bond, akaandikisha haki yake ya kutengeneza maji ya toniki yenye gesi, na ilipofika miaka ya 1870 kampuni ya Schweppes ilikuwa inauza yake. Ni nani aliyekuwa wa kwanza kumimina jini humo hilo tusigombanie. Ninachojua ni kwamba askari aliyepewa kitu kichungu, sukari, ndimu na chupa ya jini hahitaji kuelekezwa cha kufanya.

Sasa turudi Amani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani wa huku walifungiwa bahari, meli za kwao haziji. Kila kitu wakawa wanakitafuta wenyewe, na Amani ikageuka kiwanda. Sabuni, mishumaa, unga wa kusafishia meno, chokoleti, dawa. Katika miezi 18 ya kwanza ya vita taasisi hiyo ya wasomi ilitoa pia zaidi ya chupa 15,000 za wiski na vileo vingine. Nakuachia mwenyewe ufikirie ni utafiti wa namna gani huo. Kwinini nayo ilitokana na magome ya Usambara, na baadaye, Waingereza walipokwisha kuichukua Amani mwaka 1916, jeshi la von Lettow-Vorbeck lililokuwa likikimbizwa kusini lilichemsha magome na kuyanywa hivyo hivyo. Wanajeshi wakakipa kinywaji kile jina la Lettow-Schnapps. Si kwa utamu.

Na wakati wa Vita ya Pili, Wajapani walipoitwaa Java mwaka 1942, dunia ilijikuta haina kwinini, maana karibu yote ilikuwa inatoka huko. Miti ya Amani ikakumbukwa tena. Kuanzia miaka ya 1950 hapa ndipo ilipokuwa taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, na mjomba wangu baadaye alifanya kazi kwenye maabara hizo hizo zilipokuwa chini ya taifa. Kazi yake ilikuwa kukamata mbu. Usicheke, ni kazi ya watu wenye subira. Anakuambia mbu huyu ni jike, ameshiba, ni wa jamii fulani, kabla wewe hujamwona. Kituo kikuu cha utafiti kikahamia Muheza, yeye akabaki juu na pensheni yake, na shamba la hiliki.

Asubuhi ya siku ya pili alinichukua kunionyesha mkwinini. Nilitegemea mti wa ajabu. Nikaonyeshwa mti wa kawaida kabisa, majani mapana yanayong'aa, baadhi yake yakiwa mekundu kabla ya kuanguka. Alibandua kipande cha gome, kidogo kama ukucha, akanipa niguse kwa ulimi. Msomaji, wewe uliyelelewa kwa muarobaini unadhani unajua uchungu. Huu ni wa aina nyingine. Haukupigi mara moja. Unakuja taratibu, unakaa nyuma ya ulimi, unakataa kuondoka hata ukinywa maji. Lakini baada ya dakika tano, wallahi, ndiyo ile ile ladha ya toniki ikiwa imevuliwa sukari.

"Sasa usije ukafika Dar ukaanza kuchemsha magome," akaniambia. Nami nawaambia ninyi hivyo hivyo. Kwinini ikizidi inapiga kelele masikioni, inatia kizunguzungu, inaharibu macho na mapigo ya moyo, na kwenye gome huwezi kujua umemeza kiasi gani. Toniki ya dukani imepimwa. Marekani, kwa mfano, sheria inataka isizidi miligramu 83 kwa lita. Na hapo hapo tuumalize ule uongo wa baa kwamba toniki inazuia malaria. Mgonjwa mzima aliyekuwa akitibiwa kwa vidonge vya kwinini alimeza miligramu 1,800 kwa siku, siku saba. Ukitaka kuzipata kwenye toniki itabidi unywe zaidi ya lita 20 kila siku. Hata bila jini humo utakuwa umelazwa. Kapime damu, upewe dawa mseto, ulale ndani ya chandarua. Mjomba, mtu wa mbu, analala ndani ya chandarua.

Jioni ikaingia. Ukungu ulishuka kutoka Kwamkoro kwenye mashamba ya chai, hondohondo wakapita juu wakipiga makelele na mabawa yao kama mtu anayekung'uta mkeka. Mjomba akatoa meza ndogo barazani, akapanga vitu vyake: chupa, ndimu, kisu, hiliki kwenye kisosi. Nikadhani sasa anamimina. Hakumimina. Alikaa, akaikunjia mikono ile chupa, akasubiri.

Mkaza mjomba akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, ameshika kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Akaichukua chupa, akajaza kikombe kimoja, akakimimina kwenye glasi ya mumewe. Akajaza cha pili, akamimina kwenye yangu. Akaifunga chupa kwa nguvu, akarudi nayo ndani. Nikasikia kabati linafungwa kwa ufunguo.

Kwa kawaida mwanamume akifanyiwa hivyo mbele ya mpwa wake husema neno, hata la utani. Mjomba hakusema. Akaanza kukata ndimu.

Wale wanaoijua nyumba ile wanajua sababu. Mtoto wao wa kwanza, binamu yangu, alikuwa dereva wa bodaboda Muheza. Alikuwa kijana mcheshi, mkarimu, mtu wa watu. Viroba ndivyo vilivyomwondoa, mwaka 2015. Mnavikumbuka viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vilivyoingia mfuko wa shati, bei ya kutafuna. Asubuhi kimoja cha kuondoa baridi, mchana kimoja cha kuondoa njaa, jioni havihesabiki. Unang'ata kona, unamimina kooni, unatupa. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na siku habari ilipotangazwa redioni mkaza mjomba alizima redio akaenda shambani, hakurudi mpaka giza. Kwake yeye ilikuwa imechelewa miaka miwili.

Mjomba baada ya msiba aliacha kabisa kunywa, mwaka mzima. Ni mkewe aliyemrudishia glasi. Nilimuuliza mama yule kwa nini, tukiwa jikoni wawili tu, yeye anachuja mchaichai. Akanijibu bila kugeuka: "Alikuwa hakai tena barazani, mwanangu. Anaingia ndani saa kumi na mbili, analala macho. Nikaona bora akae nje na kikombe kimoja ninachokijua mimi, kuliko siku moja atoke akatafute nisichokijua." Kisha akaniambia nimshikie chujio.

Basi mpaka leo kikombe ni kimoja, na anayekishika ni yeye. Niliporudi mjini nilinunua kikombe kinachofanana na kile, nikakipima kwa kile chombo cha dawa ya mtoto: mililita 50 kamili, ukijaza mpaka pale mstari wa dhahabu unapoanza. Kwa kipimo hicho chupa ya mililita 750 inatoa glasi 15. Kwa mjomba peke yake, kikombe kimoja kwa jioni, chupa inakaa wiki mbili na zaidi. Piga hesabu ulinganishe na unachokiacha baa Ijumaa moja, halafu usinitajie.

Haya, sasa utengenezaji.

Kwanza barafu. Mkaza mjomba ana friji kwa ajili ya barafu za ubuyu anazowauzia watoto wa shule, na humo kuna kopo moja la plastiki la mjomba. Anagandisha maji yaliyochemshwa yakapoa, pande kubwa kama nusu tofali, kisha analigonga kwa mchi liwe mapande makubwa makubwa. Usitumie vile vipande vidogo kama karanga. Pande kubwa linayeyuka polepole, kinywaji kinabaki baridi bila kugeuka maji ya kunawia. Jaza glasi ndefu barafu mpaka juu. Watu wengi huweka vipande viwili wakiogopa, eti barafu nyingi itaharibu. Ni kinyume chake: mbili zinayeyuka haraka, glasi nzima inajilinda.

Pili jini. Jini ni kileo kilichopitishwa kwenye viungo, cha kwanza na cha lazima kikiwa matunda madogo ya mti wa baridi uitwao junipa. Nduguye mti huo tunaye, mtarakwa, unaota upande wa pili wa Usambara kule Shume, Lushoto, ila ule hutoa mbao na penseli, matunda yake usiyaguse. Lakini vingine vinavyotiwa kwenye jini utavitambua: mbegu za giligilani, maganda ya chungwa, mara nyingine hiliki na mdalasini. Kwa maneno mengine ni pilau isiyokuwa na mchele. Ndiyo maana mjomba huponda kidogo punje moja ya hiliki yake na kuitupia juu ya barafu, na ukiinusa glasi unajua viungo vile vimekutana na ndugu yao.

Anayeona jini ya nje ni ghali, hata Konyagi inafaa. Ina kilevi asilimia 35, pungufu kidogo kuliko jini nyingi, na inaelewana sana na ndimu. Cha muhimu chupa iwe na stempu ya kodi ya TRA, ile ya kielektroniki iliyoanza mwaka 2019, na kifuniko kisiwe kimechezewa. Gongo weka mbali na glasi hii na glasi nyingine yoyote. Mtu anayekuuzia kileo kwenye chupa ya maji hajui mwenyewe kimechanganywa na nini, na methanoli haina harufu ya kukuonya. Unalala unaona, unaamka huoni.

Tatu ndimu. Ibiringishe mezani chini ya kiganja kabla ya kukata, maji yatoke. Kamua nusu moja juu ya jini, kisha pitisha ganda lake ukingoni mwa glasi, maana harufu yote iko kwenye ganda. Usiliache ganda lililokamuliwa likiogelea humo saa nzima, litatia uchungu usiotakiwa.

Nne toniki, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Toniki lazima iwe baridi sana, na ifunguliwe wakati ule ule. Gesi hukaa kwenye maji baridi, maji ya moto huifukuza. Ukimimina toniki iliyoshinda juani dirishani, povu lote linaruka na unabaki na sharubati butu. Inamisha glasi, mimina polepole ukingoni, kiasi cha nusu chupa ya mililita 300. Kisha chovya kijiko mara moja mpaka chini, uinue, basi. Usikoroge kama uji. Sukari usiongeze, toniki imeshatiwa ya kutosha.

Ukikosa toniki dukani, na huko vijijini utaikosa, chukua soda isiyo na ladha na sharubati ya mchaichai. Kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji, fungu la mchaichai lililopondwa, chemsha mpaka sukari iyeyuke, acha lipoe humo humo, chuja. Vijiko viwili vya mezani kwa glasi, na ndimu uongeze iwe nzima badala ya nusu. Ule uchungu utaukosa, lakini wapo watakaoshukuru. Machungwa ya Muheza nayo yakiwa kwenye msimu, kipande cha ganda lake kinaweza kuchukua nafasi ya hiliki. Vyote viwili kwa pamoja mimi naona ni fujo.

(Kwa vijana wa disko: ukiona glasi ya toniki inawaka bluu chini ya zile taa za zambarau, usikimbie, hujarogwa. Ni kwinini hiyo, ndiyo tabia yake kwenye mwanga wa namna ile.)

Mkaza mjomba mwenyewe hanywi kileo. Lakini akishafunga kabati hurudi barazani na glasi yake, ndefu kama zetu, barafu mpaka juu, hiliki, ndimu nzima, mchaichai kijiko kimoja, toniki. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Usiku ule aliniachia nionje, na nikwambie ukweli, yake ndiyo iliyokuwa na ladha nzuri zaidi ya zote tatu. Uchungu wa kwinini ulikuwa wazi, harufu ya mchaichai ikija nyuma yake. Mjamzito, dereva, anayetumia dawa, asiyekunywa kwa imani yake, mwenye umri mdogo, wote glasi ya mkaza mjomba inawahusu, ila mjamzito na mwenye matatizo ya moyo aulize kwanza daktari kuhusu hiyo kwinini, hata kama ni kidogo.

Tulikaa mpaka saa tatu. Mjomba alihadithia mbu waliokuwa wakikamatwa usiku kwa kijana kukaa miguu wazi na tochi, na mkewe akamsahihisha majina ya vijiji. Mara moja akamtaja yule mtoto, jambo aliloliona shambani asubuhi lingemchekesha. Wakacheka wote wawili. Glasi ilipobaki barafu tupu, mjomba akaitikisa kidogo, akaiweka chini, wala hakuangalia upande wa kabati.

Atakayetaka kwenda, msimu mzuri ni wa kiangazi, Januari na Februari, au kuanzia Julai mpaka Septemba, barabara ikiwa kavu. Beba sweta, viatu vya kukanyaga matope na toniki zako mwenyewe, ndimu utazikuta Muheza. Gari nililoshukia liliondoka saa kumi na moja alfajiri, na dereva hangojei mtu.